Unga wa Njano wa Mpemba

Fides Silwimba alizijua nyumba za mtaa wake kwa maradhi yao. Nyumba yenye bati la bluu ilikuwa ya presha. Ile iliyopakana na kisima ilikuwa na mtoto wa kifafa. Katika ya tatu kutoka kanisani alikuwamo bibi aliyekatwa mguu kwa kisukari, ambaye hakupenda kuulizwa kama amekula dawa. Kwa miaka kumi na mmoja Fides alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii pale Mpemba, upande wa chini wa barabara kuu, ambako malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma hupanga foleni hadi madereva wakaota moto na kupika ugali kando ya matairi. Mume wake, Efraimu, alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee, Mercy, aliolewa Nakonde, ng'ambo ya pili, na kwa siku nyingi Fides hakuwa na mtu wa kuzungumza naye nyumbani. Labda ndiyo maana kazi aliifanya kama mtu anayetembelea ndugu zake.

Alipoitwa kwenye mafunzo ya siku nne Vwawa, alidhani ni mambo ya kipindupindu. Mkufunzi akabandika ukutani picha ya alama nyeusi kwenye karatasi ya njano, kitu kama ua lenye petali tatu, akauliza nani anaijua. Akaeleza kwamba kati ya malori mengi yanayopita njia ile, machache hubeba vitu vyenye mionzi: vipimo vya wajenzi wa barabara, vifaa vya hospitali, na mara moja moja mapipa ya urani iliyosagwa ikawa unga wa njano, ikienda bandarini. Vikifungwa vizuri havina neno. Lori likianguka, watu wanaoishi kando ya barabara wanapaswa kujua la kufanya kabla wataalamu hawajafika, kwa sababu wataalamu wanatoka mbali.

Aliyewaita kwenye mafunzo yale alikuwa mratibu wa maafa, kijana wa miaka thelathini na minane anayeitwa Asajile Kibona. Kwao ni Ileje, milimani, lakini alikuwa amepanga nyumba mtaa uleule wa Fides pamoja na mkewe Diana na watoto wawili. Asajile alikuwa na adabu ya kumwamkia mtu kabla ya kumweleza shida yake. Alimwita Fides dada, naye Fides akamwita mdogo wangu, na baada ya miezi michache hayo hayakuwa majina ya heshima tu. Diana alipojifungua mtoto wa pili, Fides ndiye aliyekaa naye wiki nzima na kumwogesha mtoto.

"Dada, mpango wetu una shimo," Asajile alimwambia siku moja, amefungua makaratasi kwenye meza yake. "Tumeandika magari, tumeandika simu, tumeandika hospitali. Watu hatujawaandika."

"Watu gani?"

"Wa huku chini. Nani hawezi kutembea, nani ana kichanga, nani hasikii Kiswahili vizuri mpaka aambiwe kwa Kinamwanga. Hilo hakuna wa kulifanya ila wewe."

Fides alilifanya. Miezi miwili alizunguka na daftari, nyumba mia mbili na kumi na nne. Kazi ngumu ilikuwa kueleza. Mionzi haina jina katika Kinamwanga, kwa hiyo alisema ni moto usioonekana na usio na moshi, na kwamba ukiambiwa upo, unaondoka upande upepo unakotoka, unafunika pua, unaoga, na nguo unaziacha nje. Wazee walimcheka. Wengine walimuuliza kama serikali inataka kuwahamisha. Lakini walimsikiliza kwa sababu ni yeye, na mwisho wa mzunguko ule kila nyumba ilikuwa na mtu mmoja aliyeweza kuisimulia habari yote bila kukosea. Walipofanya zoezi la utayari, kengele ya kanisa la Moraviani ikapigwa, na watu wakakusanyika kiwanja cha mpira kwa dakika ishirini na mbili. Wageni waliotoka mkoani walipiga makofi. Asajile alimshika Fides mkono mbele yao akasema, "Huyu ndiye mpango wenyewe."

Alikwenda nyumbani siku ile akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Efraimu afariki.

*

Lori lilianguka mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshapiga mara mbili. Ilikuwa asubuhi. Fides alikuwa kwenye kituo cha kupimia watoto uzito, mwendo wa robo saa kutoka barabarani, akasikia watu wakipiga yowe na kukimbia. Mtu aliyepita alisema lori limepinduka mteremkoni tangu saa tatu, kontena limepasuka, na unga wa njano umemwagika mpaka kwenye mtaro.

Unga wa njano. Fides aliacha mtoto kwenye mzani, mama yake akamdaka. Mpango ulisema mhudumu asikimbilie tukio. Ampigie mratibu kwanza, asubiri uthibitisho, kisha atoe taarifa moja kwa watu wote ili wasichanganyikiwe. Aliisaini kanuni hiyo mwenyewe. Akapiga. Asajile alipokea mara ya kwanza simu ilipoita.

"Mdogo wangu, lile lori limebeba nini?"

"Mbolea, dada."

"Una uhakika? Wanasema ni unga wa njano."

"Nimethibitisha. Ni mbolea. Ninachoogopa ni taharuki. Watu wakumbuke zoezi letu waanze kukanyagana barabarani, watoto wagongwe na malori. Wewe watulize. Wakisikia kwako watatulia."

Fides alitega sikio. Nyuma ya sauti ya Asajile alisikia injini ya gari na mtu mwingine akizungumza kwa haraka.

"Asajile, nakuuliza tena."

"Dada, lini nimekudanganya?"

Hakuwahi. Fides akashika njia ya kurudi mtaani, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa sauti ya kutosha kusikiwa na wengine watatu: ni mbolea, msiogope, rudini kwenye kazi zenu.

Watu hawakuogopa. Ni jambo ambalo Fides hakulifikiria wakati ule, wala Asajile hakulifikiria, au kama alilifikiria alinyamaza. Ulikuwa msimu wa kupanda. Mbolea ya ruzuku ilikuwa haijafika, watu walikuwa wameandikishwa na kupewa namba kwenye simu na kungoja. Na sasa mwanamke wasiyemtilia shaka alikuwa amewaambia kwamba mbolea imemwagika mtaroni, bure, na hakuna wa kuilinda isipokuwa dereva aliyevunjika mkono na polisi wawili waliokuwa wakihangaika na foleni. Walikwenda na ndoo, mabeseni na viroba. Walizoa kwa koleo, na wengine kwa mikono. Waliojaza walirudi mara ya pili.

Mmoja wao alikuwa Mbonile Siame, rafiki wa Efraimu tangu ujana wao, ambaye baada ya msiba ndiye aliyemwezulia Fides paa na kuliezeka upya. Mbonile alikuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba yake na jingine Hasamba. Saa tano na nusu alipita kwa Fides akiwa na vumbi la njano mpaka kwenye nyusi, anacheka.

"Shemeji, mbona wewe hujaenda? Nimekuletea ndoo moja. Ya kwangu nimeshaanza kumwaga kwenye matuta."

"Ahsante, shemeji. Mungu akubariki."

"Na hiki nimekiokota, kitanifaa kufunikia pipa la maji." Akageuza mfuniko mkubwa wa chuma aliokuwa ameushika kwapani ili amwonyeshe jinsi ulivyo mzima.

Katikati ya mfuniko kulikuwa na karatasi iliyochanika nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya njano, na juu yake petali mbili nyeusi. Ya tatu ilikwenda na kipande kilichochanika. Chini yake kulikuwa na namba 7, ile ya mizigo yenye mionzi.

Fides alimwambia auweke chini. Mbonile hakuelewa, akaanza kuuliza. Fides akapiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kumpazia sauti mtu mzima: "Weka chini, Mbonile! Usijipanguse! Ingia bafuni kwangu ujimwagie maji, nguo ziache humo humo!"

Alimpigia Asajile. Simu haikupatikana. Akapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango, ile aliyoibandika yeye mwenyewe kwenye milango mia mbili na kumi na nne. Iliita mpaka ikakatika. Barakoa, kamba za kuzungushia, na kile kifaa kidogo cha kupimia mionzi walichofundishwa kukitumia vilikuwa kwenye stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Asajile. Fides akafunga kanga puani akakimbia kwenda nyumbani kwa Asajile, akidhani Diana atakuwa na ufunguo wa akiba.

Geti lilikuwa na kufuli. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Anna, aliyekuwa akiuza mboga mbele ya nyumba ile, alimwambia Diana hayupo.

"Ameondoka na watoto. Limekuja gari aina ya Noah likawabeba, wameshika njia ya Isongole. Kwao huko Ileje."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Ilikuwa bado kidogo saa tatu na nusu. Nilimuuliza kama kuna msiba, akasema hapana, mumewe, Baba Joshua, amempigia simu waondoke upesi wasije wakavuta vumbi. Mimi nikashangaa, vumbi gani tena na mvua imenyesha?"

Fides alifungua simu yake akatazama saa aliyozungumza na Asajile. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Alikaa kwenye kokoto zilizokuwa mbele ya lile geti. Anna baadaye alisimulia kwamba alidhani mwenzake amepatwa na presha, akamletea maji. Fides hakuyanywa. Alikuwa akihesabu dakika, na kila alipozihesabu zilikuwa zilezile arobaini. Mwanamke ambaye Fides alimwogeshea mtoto alikuwa ameshapanda gari, watoto wameshafungwa mikanda, ndipo mumewe akapokea simu na kumwambia yeye: dada, lini nimekudanganya?

Kisha akanyanyuka. Alikwenda kanisani akamwambia mzee wa kanisa apige kengele, na yeye mwenyewe akashika kipaza sauti. Maneno aliyoyasema watu wa Mpemba wanayakumbuka mpaka leo, kwa Kiswahili na kwa Kinamwanga.

"Niliwaambia ni mbolea. Siyo mbolea. Ni ile sumu niliyowafundisha. Mimi nimedanganywa, na mimi nikawadanganya ninyi. Nisikilizeni mara hii moja tena, halafu mnifanye mnavyotaka."

Waliokuwa na unga waliuacha pale ulipokuwa, wakaufunika na kitu chochote kizito, wakatoka nje ya nyumba. Aliwakataza kuumwaga chooni wala kisimani, akawakataza kufagia. Nguo zilivuliwa zikafungwa kwenye mifuko. Watoto waliogeshwa kwanza, vichwa kabla ya miguu. Alizunguka na daftari lake nyumba kwa nyumba, akaweka alama penye unga: nyumba thelathini na moja. Mbele ya kila moja alifunga kipande cha kitenge. Alipomaliza vitenge vyake vyote alichana mashuka.

Wataalamu walifika alasiri wakiwa na mashine na mavazi meupe. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, alitembea nyumba zile akifuata vitenge, akauliza nani aliyewapanga watu hawa. Walipomwonyesha Fides, mama yule alimweleza taratibu, bila kumtisha: unga ule mionzi yake si mikali, mtu hafi kwa kuupita. Ubaya wake ni kuuvuta au kuumeza, unaumiza figo. Waliozoa lazima wapimwe mkojo. Wangekaa nao ndani wiki nzima, au wangepanda nao na kula, hapo yangekuwa mengine.

Watu tisa mkojo wao ulionyesha kitu. Wanane walipungua baada ya wiki kadhaa. Wa tisa, Mbonile, aliambiwa figo zake zimeguswa, zitapona kwa kufuatiliwa, na aende hospitali ya rufaa Mbeya kila baada ya miezi mitatu. Shamba lake la nyuma ya nyumba lilikwanguliwa udongo wa juu wote, kimo cha kiganja, ukapakiwa kwenye mapipa ukaondoka. Kilichobaki kilikuwa mchanga mwekundu usioota hata nyasi.

*

Asajile alikuja baada ya wiki tatu, mchana, amebeba bahasha. Diana na watoto walikuwa bado Ileje. Alimwamkia Fides kama siku zote. Fides aliitikia, akampa kigoda, lakini chai hakumpa.

"Dada, kuna ripoti inaandaliwa. Wanataka saini yako sehemu moja tu."

Fides alivaa miwani akasoma. Ripoti ilisema mpango wa dharura ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Ilisema jamii iliitikia kwa wakati. Kwenye ukurasa wa pili, chini, ilisema kwamba taarifa potofu kuhusu shehena kuwa mbolea ilitolewa na mhudumu wa afya wa mtaa kwa kukosa uelewa, na kwamba mhudumu huyo amepewa ushauri.

Alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Hii umeiandika wewe?"

"Nimeiandika kwa maagizo. Dada, nisikilize. Niliambiwa na wakubwa niseme mbolea mpaka wao watoe tamko. Wenye mzigo walikuwa wameshawapigia simu. Ningefanya nini? Kazi ningepoteza."

"Na Diana? Na yeye wakubwa walikuagiza umwambie ni mbolea?"

Asajile alitazama mlango.

"Ni mke wangu, dada. Ni wanangu."

"Nimeuliza swali."

"Sikuweza. Niliposikia ni nini, mkono wenyewe ulipiga simu kabla sijafikiri."

"Hilo nakusamehe. Mwanamume asiyempigia mkewe si mtu. Lakini mimi nilikupigia mwenyewe, Asajile. Hukuhitaji hata kunitafuta. Nilikuuliza mara mbili. Ulichotakiwa ni kunyamaza tu, ungenyamaza ningeelewa. Wewe ukanituma." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anazungumza na mgonjwa. "Ulijua hawatamwamini mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana ukanituma mimi."

Asajile alianza kulia. Fides alimwangalia akilia, akajishangaa kwamba hajisikii kumbembeleza. Alichukua kalamu. Hakusaini. Kwenye nafasi ya saini aliandika nyakati mbili, wa Noah kuondoka na wa simu yake, akaandika na jina la shahidi, Anna, akamrudishia bahasha. Nakala ya maneno hayohayo aliipeleka mwenyewe kwa yule mama mwenye miwani.

Yaliyotokea baadaye hayakuwa makubwa. Sentensi ile iliondolewa, ikaandikwa kwamba taarifa za awali hazikuwa sahihi, bila kutaja za nani. Asajile alihamishiwa wilaya nyingine kwa cheo kilekile. Wenye lori hawakuonekana tena Mpemba.

Fides aliendelea na kazi, lakini mtaa haukuwa ule. Alipopita na matone ya chanjo, mwanamke mmoja alichungulia kichupa akamuuliza, "Hii nayo ni mbolea?" Waliokuwa karibu wakacheka. Maneno hayo yakawa utani wa mtaa. Watoto wa shule walimwita Mama Mbolea, na wengine hawakujua hata yalianzia wapi. Angeweza kusimama kila kona kueleza habari za dakika arobaini. Alijaribu mwanzoni, akaona kwamba watu humsikia mpaka mwisho, wanatikisa kichwa kwa huruma, kisha wanasema, "Lakini sisi tulikusikia wewe."

Mbonile hakumcheka. Yeye aliacha tu kupita kwake. Siku za kwenda Mbeya alipanda gari na mdogo wake, na kadi yake ya kliniki, ambayo zamani angempa Fides amsomee, aliipeleka kwa mtu mwingine. Mara moja walikutana kisimani. Fides alimwomba msamaha, kwa kirefu, amepiga goti. Mbonile alimwinua.

"Nimeshakusamehe, shemeji. Ni mwili wangu ndio bado." Akachukua ndoo yake akaenda.

Mwaka uliofuata akaletwa mratibu mpya, Shadrack, mtu wa Momba, mchangamfu. Alikuja nyumbani kwa Fides na makaratasi mapya yenye jalada la plastiki. Alisema amesoma habari zote, anasikitika, na anamhitaji. Daftari la nyumba linatakiwa kuhuishwa, watu wamehama, watoto wamezaliwa, na hakuna mwingine anayewajua.

Fides aliyageuza makaratasi yale mkononi. Angekataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifikiria bibi wa mguu mmoja. Alifikiria malori, ambayo hata wakati ule yalikuwa yakinguruma kupanda mteremko.

"Nitafanya," alisema. "Wewe umepanga wapi?"

"Chapwa, mama."

"Na familia?"

"Nipo nayo."

Shadrack akatoa simu ampe namba yake ya mkononi, ile isiyozimwa, usiku na mchana. Fides akainua kiganja kumzuia.

"Ya kwako sitaihitaji. Nipe ya mkeo."

Shadrack alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Fides alikuwa ameshafungua ukurasa mpya, kalamu ipo juu ya karatasi, anasubiri. Kicheko kikaisha taratibu. Baada ya muda Shadrack alianza kuitaja namba, tarakimu moja moja, na Fides akaiandika, akamsomea ili athibitishe, kisha akaipiga palepale kusikia nani atapokea.